Kakakuona, Kunguru na Utepe Uliokatwa

4 Februari

Mkasi wangu,

Kabla hujauliza: goti limepona, cherehani inakula uzi vizuri, na paka wa jirani kazaa tena ndani ya kapu langu la vitambaa. Hayo yamekwisha. Sasa kaa chini unisikilize.

Nimepata kazi kwenye jumba lenu la makumbusho! Ukumbi mpya wa wanyama unataka mapazia meusi, mazito, ili jua lisipaushe ngozi za wanyama waliokaushwa. Mkuu wa Kitengo, bosi wako, alikuja mwenyewe hapa kibandani. Akasimama mlangoni kama anaogopa kuchafuka. Akaniuliza, "Wewe ndiye mama wa yule binti tuliyempeleka kituo cha msituni?" Nikamjibu, "Ndiye mimi, baba, na akili zake alizipata kwenye meza hii hii ya kukatia." Wateja wakacheka, yeye hakucheka. Ila aliyapenda mashono yangu, maana aliagiza na koti lake la siku ya ufunguzi. Koti la kijivu, bitana ya hariri. Anajipenda huyo!

Nimeshawaambia watu wote. Dada wa duka la vitambaa nimemwambia mara tatu, ya mwisho akaniambia, "Mama Mkasi, nimesikia, mwanao ataandikwa ukutani, hebu sema unataka mita ngapi." Wivu tu.

Madirisha nimeyapima kwa utepe wetu ule ule, ulioukata ncha ukiwa na miaka sita ili mwanasesere wako apate mkanda. Nilikuchapa, halafu nikalia mwenyewe. Watu wananiambia ninunue mwingine. Wa nini? Unaanzia kwenye tatu badala ya sifuri, basi. Nikipima kitu natoa tatu, napata urefu wake wa kweli. Na nyuma yake bado pana maandishi yako ya kalamu ya wino: TOA TATU. MKASI. Herufi ya S umeigeuza. Nani ana utepe kama huo?

Unamkumbuka mwalimu wako aliyesema kichwa chako kinafaa kubebea ndoo tu? Alileta gauni nimpunguzie kiuno. Nilimpunguzia. Harusi nzima alikaa wima kama mshumaa, hakuinama hata kuokota kitambaa chake. Miaka ishirini nilimsubiri.

Niambie, kazi yako ya kuwalinganisha kakakuona na kunguru itabandikwa lini? Nataka nishone gauni.

Mama yako,
fundi

16 Februari

Mama,

Barua yako ilifika na gari la chakula. Niliisoma huku wenzangu wananiuliza nacheka nini.

Huku mvua hainyeshi, inamwagwa. Wiki sita nimefuata alama za kakakuona kwenye matope na nimemwona mmoja tu, kwa muda wa kupumua mara nne. Mwanangu alikuwa amekaa juu ya shina la mkia wa mama yake kama abiria. Aliponisikia, mama akajikunja mduara na mtoto akaingia ndani ya mduara huo. Yakabaki magamba tu. Nilirudi nyuma polepole. Nisamehe, nimeandika "mwanangu". Nilitaka kusema mwanawe. Ndivyo ninavyowawaza siku hizi.

Uliniuliza mwaka jana, kwenye meza yako, kwa nini niwalinganishe wanyama wasiofanana hata ukucha. Ndiyo sababu yenyewe, Mama. Wote wawili ni wanyama wenye uti wa mgongo, halafu wanaachana. Kakakuona yuko ngeli ya mamalia, ananyonyesha. Wengi wanadhani ni nduguye mhanga kwa kuwa wote wanakula mchwa, kumbe ndugu zake wa karibu ni kina paka na simba. Oda yake, yaani tawi lake ndani ya ngeli, ina familia moja tu iliyobaki duniani. Kunguru yuko ngeli ya ndege, oda moja na shomoro na chiriku, wale waimbaji. Usicheke. Kakakuona anataka msitu na vichuguu visivyosumbuliwa. Kunguru anataka jalala na paa la mtu. Kakakuona anazaa mtoto mmoja, anawindwa kwa magamba yake, yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Kunguru wa mjini hana shida na orodha yoyote. Mmoja akitishwa anajikunja. Mwingine akitishwa anakariri uso wako, na mwakani atakuja kukupigia kelele na ukoo wake.

Mkuu alibaki na rasimu yangu aisome lugha. Kamati itaitumia kuamua kama nipewe kazi ya kudumu. Inakaa mwisho wa Aprili. Vipimo vya kwenye rasimu bado ni vibichi, yaani kama utepe wako ulivyosema, maana rula ya chuma Mkuu aliifungia kabatini akakataa kuniazima, nikatumia utepe wako. Nakala safi, niliyokwisha kutoa tatu, ninayo huku. Nitamtumia akiniomba.

Kunywa dawa ya goti hata kama limepona.

Mwanao,
Mkasi

2 Machi

Mkasi,

Leo sina salamu.

Nilikwenda kutundika pazia la dirisha la nne. Ubao umeshabandikwa, mrefu kuliko mimi, maandishi meupe juu ya kijani. Kushoto kioo cha kakakuona, kulia kioo cha kunguru. Nikavaa miwani nikaanza kusoma, na moyo unanidunda kama siku ile ulipozaliwa. Neno kwa neno, mwanangu! "Mmoja akitishwa anajikunja." Uliisoma sentensi hiyo kwenye meza yangu huku unakula ndizi, nikakwambia hapo umepiga msumari. Nikashuka mpaka chini kulitafuta jina lako.

"Utafiti na maandishi: Mkuu wa Kitengo cha Wanyama." Majina yake matatu, na cheo, na herufi za vyuo alivyosoma zimejipanga kama vifungo. Lako halipo. Nilipiga magoti (goti hili!) nikatazama mpaka kwenye ukingo wa ubao, labda wameliandika kwa herufi za sisimizi. Halipo.

Akanikuta hapo chini. "Mama, umeangusha sindano?" Nikamwambia, "Nasoma." Akatabasamu vile wanavyomtabasamia mtoto aliyevaa viatu vya babaye. "Fundi wa mapazia hasomi kuta. Dirisha la tano bado."

Dirisha la tano bado! Nilipanda ngazi. Lakini subiri. Jana yake alikuwa ameniagiza mto wa kumlalia kakakuona ndani ya kioo, na mlinzi akanifungulia nipime. Nikapima mkia. Arobaini na nne. Nikageuka, ubao unasema: mkia, sentimita arobaini na nne. Nikasema vizuri, ndiyo hivyo. Ndipo mdomo wenyewe, kwa mazoea, ukasema "toa tatu." Arobaini na moja.

Arobaini na nne ndiyo ile namba yako mbichi ya rasimu!

Nikaenda kwa kunguru. Bawa, ubao unasema thelathini na moja. La kweli ishirini na nane. Mdomo, Mkasi, mdomo! Ubao unasema sentimita nane. Kunguru yule mdomo wake ni tano tu. Nane ni mdomo wa kunguru aliyemeza kijiko! Na msomi huyu ameubandika bila hata kumtazama ndege mwenyewe.

Amekuibia mpaka na utepe wangu. Niambie nifanye nini, maana nikijiamulia mwenyewe watalisimulia mpaka wajukuu.

Mama

13 Machi

Mama yangu,

Nakuomba usifanye chochote. Tundika mapazia, shona koti, rudi nyumbani.

Ufunguzi ni tarehe 18 Aprili. Kamati inakaa siku chache baadaye, na bila neno lake siipati kazi. Nikiipata, nitaandika kuta nyingine kumi. Ubao ni mbao na rangi.

Kuhusu vipimo, usimwambie mtu. Nitamwandikia nimrekebishie kimyakimya.

Najua unavyokasirika. Nakusihi, mara hii moja tu.

Mkasi

20 Machi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Wanyama,

Shikamoo. Ni mimi fundi wako wa mapazia. Koti lako linaendelea vizuri, lile bega sasa litakaa kama la waziri.

Nakuandikia kwa sababu ya mto wa kakakuona. Mimi sikusoma sana, ila naogopa kuharibu vitu vya watu waliosoma. Ubao wako mzuri umetaja mkia sentimita arobaini na nne. Je, niukate mto kwa kipimo hicho? Ni wewe mwenyewe uliyempima, au ni kijana wako mmojawapo? Maana vijana siku hizi hupima huku wanaongea, nami nisingependa kutegemea kazi ya mtu mwingine. Na ulitumia kifaa gani, ili nami nitumie kama hicho?

Naomba unijibu kwa maandishi, kichwa changu kinasahau.

Wako mtiifu,
Fundi

24 Machi

Kwa Fundi wa Mapazia,

Ondoa wasiwasi. Wanyama wote waliotajwa kwenye ubao nimewapima mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa rula ya chuma ya kitengo, kila kipimo mara tatu. Hakuna msaidizi aliyehusika katika hatua yoyote ya utafiti huu. Vipimo vyangu havina kosa hata la nukta moja. Kata mto kwa sentimita arobaini na nne.

Nakukumbusha kwamba dirisha la saba halijapata pazia, na kwamba koti nalihitaji tarehe 17 bila kukosa. Mikono isiwe mirefu.

Mkuu wa Kitengo cha Wanyama
(sahihi na muhuri)

27 Machi

Mkasi wangu mpenzi,

Ameingia! Ameingia mzimamzima, na muhuri juu! Nimekunakilia barua yake hapa chini, yenyewe nimeilaza kifuani na haitoki hapo hata nikioga. "Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mara tatu." Mara tatu alipima mdomo wa kunguru akapata nane! Nimeisoma hadi nimeikariri. Dada wa duka la vitambaa aliniuliza, "Mama Mkasi, umepata mchumba?" Nikamwambia nimepata zaidi ya mchumba.

Najua umeniambia nitulie. Nilitulia siku saba. Mwanangu, wewe ni kakakuona, nimeliona hilo tangu shule. Wakikuchokoza unajikunja unangoja waondoke. Mimi ni yule mwingine. Mimi nakariri uso. Nikimwona huyu bwana namwona mwalimu wako wa ndoo, namwona shangazi yako aliyesema nitakulea nini na cherehani moja, nawaona wote wamevaa koti moja la kijivu. Na koti hilo liko mezani kwangu, nalikata mimi.

Siku ya ufunguzi nitasimama mbele ya wageni, na utepe mkono wa kulia, na barua mkono wa kushoto. Nitasema, "Mheshimiwa, mpime kunguru tuone." Hayo tu. Halafu nitakaa niangalie jasho likimtoka na ukoo wake wote.

Utaniambia asante.

Mama yako, kunguru

6 Aprili

Mama,

Usisimame.

Kuna kitu sikukwambia. Kabla ubao haujabandikwa aliniandikia. Alisema kazi ya kudumu ni yangu, ila ukumbi unahitaji jina linalojulikana. Aliniletea karatasi niweke sahihi kwamba utafiti ule ni wake, mimi nilimsaidia kunakili tu. Nilikaa nayo siku mbili. Nikaweka sahihi.

Hakunilazimisha mtu. Nilichoka kuwa wa muda, nilichoka kuhamishwa kila mwaka na sanduku langu. Ulipoandika kwa hasira ile niliona aibu kukueleza, nikajifanya mvumilivu. Haukuwa uvumilivu, Mama.

Ukisimama na barua yake, yeye atasimama na karatasi yangu. Mimi nitakuwa mwongo, na wewe mama wa mwongo, mbele ya mji mzima uliouambia habari zangu.

Maisha yangu yote umenipima kwa utepe ule. Kwa madirisha na suruali unakumbuka kutoa tatu. Kwangu hujawahi kutoa.

Mkasi

11 Aprili

Nimesoma.

Sitasema neno siku hiyo. Naapa kwa cherehani yangu. Koti liko tayari, mapazia yote saba yametundikwa.

Kula vizuri.

Mama

19 Aprili

Mkasi, Mkasi, Mkasi wangu,

Sikusema neno. Weka hilo mbele, maana watakuja kukuambia mengine.

Nilivaa gauni la bluu. Wageni walijaa mpaka ngazini. Bosi wako akaja na koti la kijivu, na nakiri mbele yako peke yako: nilimtoa tatu. Kila mahali. Mikono tatu, kifua tatu, kwapa tatu. Aliandika mwenyewe mikono isiwe mirefu! Alipolijaribu nilimwambia ndiyo mtindo wa sasa, na mtu anayejipenda haulizi mara mbili. Basi akawa anatembea kama aliyebeba yai kila kwapa.

Mapazia nilikuwa nimeyafunga pembeni kwa kamba nzuri nyeusi, sita. La saba, lile la ubaoni, ambalo likishuka linaufunika na ubao, nililifunga kwa utepe wetu. Namba nje. Nilijiambia, mdomo umeapa, lakini utepe haukuapa. Labda katika watu wote hao yuko mmoja anayesoma.

Mwenyekiti wa kamati ni bibi mmoja mwenye miwani mbili, moja puani, moja kichwani. Alisimama mbele ya kunguru kitambo. Akasoma ubao. Akamtazama ndege. Akabadilisha miwani, akamtazama tena. Halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, "Mkuu, huyu kunguru ulimpima mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mwenyekiti. Kwa rula ya chuma, mara tatu."

"Hakuna aliyekusaidia?"

"Hakuna hata mmoja."

Nikahisi barua inaungua kifuani. Nikakumbuka kiapo. Ndipo yule bibi akafungua mkoba wake akatoa bahasha ya kahawia, imelowa pembe moja kwa matope. Mwandiko wako naujua hata ukiwa umepinduliwa.

Kwa nini hukuniambia? Eti wewe ndiye kakakuona!

Akasoma mbele ya wote. Kwamba uliweka sahihi kwenye karatasi ya uongo kwa tamaa ya kazi, na kwamba unaifuta. Kwamba vipimo vya kweli ni hivi hapa. Kwamba vya ubaoni vitazidi kila kimoja sentimita tatu kamili, si mbili wala nne, kwa sababu vilipimwa kwa utepe wa mama yako uliokatwa ncha. Bosi wako akawa wa rangi ya koti lake. Akatoa ile karatasi yako mfukoni, alikuja nayo, fikiria! Akasema, "Lakini alikiri mwenyewe kwamba ni kazi yangu!"

Yule bibi akamtazama juu ya miwani. "Na shati ulilovaa," akasema, "nalo unatembea na karatasi ya mtu kuthibitisha ni lako?"

Walicheka hadi mlinzi.

"Huo utepe," akauliza, "uko wapi?"

Sikusema neno, Mkasi. Nilipita katikati yao na gauni langu la bluu, nikaenda dirishani, nikaufungua. Pazia likashuka lenyewe, taratibu, zito, likaufunika ubao wote na majina yake matatu. Nikampa utepe. Nikatoa barua kifuani, nikampa na hiyo. Akaugeuza utepe nyuma, akasoma kwa sauti: "Toa tatu. Mkasi." Akampima kunguru mdomo. Nane. Akachukua rula ya chuma. Tano. Akapima kucha, bawa, mkia. Tatu, tatu, tatu.

Bosi wako akaruka kulifunua pazia, akauinua mkono, na kwapa la kulia likaachia, trrr, mpaka kiunoni. Bitana ya hariri nje kama ulimi. Hapo sikujizuia kucheka, lakini kucheka si neno.

Umenihukumu kwenye barua yako, nami nimeifikiria kila siku nikipiga pasi. Kweli, sikuwahi kukutoa tatu. Nikajaribu, jana yake, nimekaa kitandani: nikatoa karatasi ile uliyoisaini, nikatoa na uoga wako, nikatoa na kunificha. Nikapima kilichobaki. Halafu kesho yake bahasha yako ikatoka kwenye mkoba wa yule bibi, na hesabu yangu yote ikaharibika. Sijui tena nikupime na nini.

Mama yako

9 Mei

Mama,

Kamati imeniandikia. Kwa ile sahihi, kazi ya kudumu nimenyimwa mwaka huu. Nitaomba tena mwakani. Nilijua nilipokuwa nafunga bahasha. Nilidhani nitalia, badala yake nililala saa kumi mfululizo.

Sikukuambia kwa sababu ungewaambia watu wote, kuanzia na dada wa vitambaa.

Lile koti, Mama. Nimejaribu kukukasirikia. Nimeshindwa.

Nahitaji vitambaa vya rangi ya kuonekana nifunge kwenye miti penye mashimo ya kakakuona, wakata miti wasipite hapo. Yule mama na mwanawe wamehamia karibu na kituo. Una mabaki yoyote?

Mkasi

22 Mei

Mkasi wangu,

Kazi watakupa mwakani, na wasipokupa nitawajua sura mmoja mmoja.

Ubao mpya umebandikwa. Mkia arobaini na moja. Mdomo tano. Chini kabisa, majina yako yote mawili, nimeyapapasa herufi kwa herufi mpaka mlinzi akaniambia, "Mama, utayafuta." Utepe wetu umewekwa ndani ya kioo katikati ya wanyama wawili, una kikaratasi chake na namba. Yule bibi aliniomba kwa heshima. Nami nimenunua mpya, na nakuambia ni balaa: unaanzia kwenye sifuri, mimi bado natoa tatu. Nimeharibu suruali mbili za watu wasio na kosa.

Mabaki ninayo. Kwenye bahasha hii utakuta vipande vya kitambaa cha kijivu na hariri nyekundu, vyote vina upana wa sentimita tatu. Unajua vilikotoka. Nilivitunza bila kujua vya nini, sasa najua. Vifunge juu, vionekane kwa mbali. Mwambie yule mama aliyejikunja kwamba ni zawadi kutoka kwa kunguru.

Bosi wako bado wanamchunguza, na wakati wanamchunguza wamemweka getini akate tiketi. Nakwenda kila Jumanne. Navaa gauni la bluu, nasimama kwenye foleni kama wengine, mpaka zamu yangu inafika na hana pa kuyapeleka macho. Mara ya kwanza alijifanya hanijui. Jumanne hii aliniuliza, taratibu, "Mama, mapazia yamekwisha, umekuja kufanya nini tena?"

Nikampa tiketi aikate.

"Nimekuja kusoma ukuta," nikamwambia.

Mama yako,
fundi